Afukuzwe Aliyefuta

Kila asubuhi, kabla wenzake hawajapiga mswaki, mume wa Mama Pacha alikuwa ameshavaa hedifoni na kuingia vitani. Vita vyenyewe vilikuwa ndani ya kompyuta, sebuleni, juu ya meza ambayo zamani familia ilikuwa ikilia chakula. Humo mchezoni alikuwa na ngome yenye minara, askari wasio na idadi, na cheo cha Jemadari. Cheo hicho kilimlevya hata akakitoa kwenye mchezo na kukileta nyumbani. Mama yake mzazi, aliyekuwa akiishi nao, ndiye aliyekipokea wa kwanza. "Jemadari ameshakunywa chai?" aliuliza kila siku bila hata kutabasamu, na pacha wakianza kucheka aliwakemea: "Kimya! Baba yenu yuko kazini."

Kazini! Aliyekuwa kazini ni mkewe. Tangu ghala la vigae lilipompunguza, Jemadari hakuwahi kuinua mguu kwenda kuomba kazi mahali. Alisema soko la ajira ni bovu, kana kwamba amelitembelea. Kodi, umeme, ada za watoto, dawa za presha za mama mkwe, na lile bando la intaneti ambalo Jemadari alitaka liwe la kasi kuliko yote mtaani, vyote vilitoka katika mshahara mmoja. Na mshahara huo Mama Pacha aliupata kwenye kampuni ileile yenye mchezo wa ngome. Yeye ndiye aliyetunza seva, ile mashine kubwa iliyobeba ngome zote za wachezaji wote. Alikuwa amemweleza mumewe mezani, kitandani, hata kwenye foleni ya kliniki. Jemadari aliitikia "Mm." Siku moja mgeni alipouliza mkewe anafanya kazi gani, Jemadari alijibu, "Yuko kampuni ya mchezo. Anachapachapa."

Wiki ile ya mashindano makubwa, Mama Pacha alisimama nyuma ya kiti cha mumewe, mkoba begani.

"Baba Pacha, usije ukajitia matumaini sana na hiyo Jumamosi. Diski imejaa. Mchezo unaweza kugoma katikati."

"Usiniletee mikosi asubuhi yote hii. Jamaa wa seva wanajua kazi yao."

"Jamaa gani?"

"Si wale jamaa," akasema Jemadari, macho kwenye kioo, na hapo hapo akabomoa ukuta wa mtu.

Mama Pacha alimtazama kisogo kwa muda, kisha akaenda kupanga foleni ya basi.

Chumba cha seva kilikuwa stoo ya mafagio hapo kabla. Kiyoyozi chake kilivuja, na chini yake palikuwa na ndoo ambayo Mama Pacha aliimwaga mwenyewe, kwa kuwa mfagizi alikatazwa kuingia na yeye hakukatazwa kitu chochote kizito. Asubuhi hiyo alimkuta bosi wao mlangoni. Wafanyakazi walimwita Tajiri. Alilipenda jina hilo, naye alikuwa tajiri wa namna ya pekee: hela zake zilionekana mapokezi tu. Mapokezi palikuwa na kochi jipya la ngozi, samaki wa rangi kwenye tangi la kioo, na picha yake mwenyewe akipeana mkono na mtu aliyekatwa kichwa na fremu.

"Haya, nieleze hilo tatizo lako," alisema Tajiri.

Mama Pacha alieleza kwa mara nyingine. Mchezaji akirusha mshale, akinunua farasi, akijenga mnara, seva huliandika tendo hilo kwanza kwenye faili linaloitwa logi, ndipo hulitia kwenye hifadhidata. Logi haipungui yenyewe. Ikichukuliwa nakala ya akiba, yale ya zamani huachia nafasi kwa mapya, na faili hutulia. Lakini Tajiri alikuwa ameagiza nakala za logi zisichukuliwe tena, eti zinamaliza diski. Tangu hapo logi ilikuwa inanenepa kama mgeni ambaye hakuna aliyethubutu kumpa jembe.

"Naomba mchana mmoja tu, Tajiri. Tuzime mchezo, nichukue nakala kamili, nipunguze logi. Halafu tununue diski nyingine ya nakala, zisikae mashine moja. Huwezi kuweka ufunguo wa akiba ndani ya nyumba ile ile uliyoifunga."

"Diski, diski, diski! Mke wangu hanisumbui hivi hata kwa dhahabu." Tajiri aligeuka kuwatazama wafanyakazi waliokuwa wakichungulia, akahakikisha wanasikia. "Hebu niambie. Hizi bakapu, hizi nakala zako, zinaliwa?"

"Haziliwi."

"Zinauzwa?"

"Haziuzwi."

"Sasa nazifuga za nini?"

Watu wakacheka. Ilikuwa wiki ya mshahara, na wiki ya mshahara Tajiri alikuwa mchekeshaji hodari kuliko wote nchini. Akavuta kiti cha Mama Pacha, akakaa, akachagua mafaili yote ya nakala za akiba, moja baada ya jingine kama mtu anayechuma matunda ya jirani, akafuta.

"Umeona? Nusu ya diski iko wazi. Muda wote huu unanilalamikia, kumbe dawa ni kidole kimoja."

Mama Pacha aliisogeza ndoo chini ya kiyoyozi. Tusimpe ushujaa asiokuwa nao: aliogopa. Kodi ilikuwa inakaribia, na mtu mwenye kodi shingoni huona mambo mengi yasiyofaa akayameza. Tajiri alipotoka, Mama Pacha alifungua droo yake na kutazama diski ndogo ya mkononi aliyoinunua kwa ajili ya picha za pacha. Humo, wiki kadhaa nyuma, alikuwa ameweka nakala moja ya mchezo wote, kwa wasiwasi wake tu. Aliirudisha chini ya vitambaa vya kufutia vumbi, akafunga droo.

Jumamosi wadhamini walijaa kwenye kochi la ngozi, na waliokosa kochi walisimama na sahani za biskuti. Kwenye kioo kikubwa ukutani majeshi yalikuwa yakipambana. Mchana kweupe, vita vikiwa vimenoga, kila kitu kikaganda. Mishale ilining'inia hewani. Farasi mmoja alibaki ameinua miguu ya mbele, na mdhamini mmoja akapiga makofi akidhani ndiyo mwisho.

Tajiri aliingia stoo ya seva mbio, tai imemrukia begani. "Nini tena?"

"Logi imemaliza nafasi yote uliyoipata Jumatano. Leo wanacheza wote kwa pamoja."

Tajiri aliinama kwenye kioo, akaona orodha ya mafaili, akaliona lile kubwa. "Hili? Jitu lote hili ni logi tu?"

"Usiliguse hilo, Tajiri, nakuomba. Humo kuna mambo ambayo hayajatulia kwenye hifadhidata. Nipe muda nichomeke diski ya pembeni, nichukue nakala yake, nafasi itapatikana humo humo."

"Muda? Wadhamini wako pale nje wananimalizia biskuti!"

Akamsogeza kwa kiwiko. Si kwa nguvu, kama unavyosogeza kiti tu. Akaisimamisha hifadhidata, akalifuta faili la logi, akawasha tena. Kioo kikatoa mistari myekundu. Akawasha tena. Myekundu vilevile.

"Iwashe wewe."

Mama Pacha alijaribu kila njia aliyoijua, hata ile ya kuifungua hifadhidata kwa nguvu bila logi. Ikafunguka imevurugika: ngome za watu zikiwa hazina wenyewe, wenyewe wakiwa hawana ngome. Nje wadhamini walianza kuulizana funguo za magari.

"Basi rudisha bakapu," alisema Tajiri.

"Bakapu ipi, Tajiri?"

Maji ya kiyoyozi yakaendelea kudondoka kwenye ndoo. Mama Pacha alimwacha ateseke kidogo, kidogo sana, kisha akafungua droo na kutoa diski yake ya picha za watoto. Jioni hiyo mchezo uliwaka tena, lakini ukiwa vile ulivyokuwa wiki kadhaa nyuma. Vyote vilivyojengwa baada ya hapo vilikuwa vimepotea.

Tajiri hakusema asante. Aliitazama ile diski ndogo, akamtazama mwenye diski. "Kumbe ulikuwa nayo. Ulikuwa unaificha kwa nini?"

Jumapili nyumbani palikuwa kama msibani. Jemadari alikuwa amekaa mbele ya kompyuta bila kuoga, kwa sababu ushindi wake wote mkubwa ulikuwa wa wiki zile zile zilizopotea. Minara yake haikuwepo. Cheo chake hakikuwepo. Mchezo ulikuwa unamwita Sajini.

"Mwanangu hajala tangu jana," mama mkwe alimwambia Mama Pacha jikoni, kwa sauti ya mtu anayemtaja mgonjwa. "Mkaangie japo yai."

Mama Pacha alikaanga yai, akalipeleka sebuleni. Jemadari alikuwa akisoma kwa sauti tangazo la kampuni: "'Tunawaomba radhi wachezaji wetu wapendwa. Hasara hii imetokana na uzembe wa mfanyakazi mmoja aliyefuta mafaili muhimu. Hatua kali zinachukuliwa.' Uzembe! Mtu mmoja! Huyo mbwa ningempata mimi!"

Sahani ya yai ikabaki mkononi mwa Mama Pacha. Aliisogelea kompyuta, akalisoma tangazo lote mwenyewe, mpaka alama ya nukta.

"Aliyefuta ni Tajiri," alisema. "Kwa mkono wake. Mimi nilikuwa nimesimama pembeni namkataza."

"Wewe ulikuwa unafanya nini huko kwenye seva?"

"Baba Pacha, mimi ndiye mtunza seva."

Jemadari alivua hedifoni. Ilikuwa mara ya kwanza kwa siku nyingi kuyaona masikio yake. "Wewe? Si unachapachapa?"

"Ndiyo hiyo ninayochapa."

Mtu mwingine angeuliza: sasa itakuwaje kazini kwako? Angeuliza hata: umelala vizuri? Jemadari alivuta kiti karibu na kusema kwa sauti ya chini, "Basi nirudishie ngome yangu. Si una funguo za huko ndani? Yangu tu. Nani atajua?"

"Haipo popote. Na ingekuwepo, ningewarudishia wote."

"Mke gani wewe!" Kisha wazo jingine likampiga usoni, akageuka rangi. "Subiri. Wenzangu wakijua kwamba huyo anayesemwa ni mke wangu… Usimwambie mtu. Umenisikia? Mtu yeyote."

Akala yai. Akarudi vitani. Na kwa akili zake za kivita aliona kwamba apigaye kelele zaidi ndiye asiyeshukiwa.

Siku chache baadaye Tajiri alimwita Mama Pacha ofisini kwake. Hakumwambia kaa. Aligeuza kompyuta yake ili mama huyo aone: malalamiko ya wachezaji, yenye kichwa cha herufi kubwa, AFUKUZWE ALIYEFUTA, na chini yake majina maelfu kwa maelfu.

"Mimi binafsi nakuhurumia," Tajiri alisema, akiwatazama samaki kupitia mlango. "Unajua mimi ni mtu wa huruma. Lakini wateja ndio wanaotulisha. Wateja wakisema, mimi ni nani?"

"Wewe ndiye uliyefuta."

"Tusirudi huko. Mambo ya kitaalamu hayo, watu hawayaelewi. Watu wanataka mtu." Akagonga kioo kwa kalamu. "Tazama mwenyewe. Huyu aliyeanzisha ana wafuasi balaa. Ameandika kwa uchungu sana, karibu nilie."

Mama Pacha alisogea. Jina la kwanza kabisa, juu ya maelfu yote, lilikuwa Jemadari wa Minara Saba. Alisoma maneno yake polepole. Yalikuwa na makosa yale yale ya tahajia aliyokuwa akimsahihishia tangu enzi za uchumba.

"Huyu namjua," alisema.

"Unamjua? Ni nani?"

"Namlisha."

Tajiri hakuelewa, wala hakuwa na haja ya kuelewa. Alimpa bahasha, akamwomba aache funguo mapokezi, na akamkumbusha kwamba ile diski ndogo, kwa kuwa ina mali ya kampuni, ibaki. "Ina picha za watoto wangu," Mama Pacha alisema. Tajiri alifikiri, akakunja uso kama anayetoa sadaka kubwa, akamwambia azichukue hizo picha, atamsubiri. Akamsubiri kweli, amesimama nyuma ya kiti chake, akizitazama picha za pacha zikipita moja moja, meno yamewatoka, magoti yana vumbi.

Mama Pacha alifika nyumbani mchana, saa ambayo hakuwa na kawaida ya kufika. Sebuleni Jemadari alikuwa amevaa hedifoni, na sauti za wenzake zilisikika mpaka mlangoni zikipiga vigelegele. Tajiri alikuwa ameshatangaza kwamba aliyefuta amefukuzwa.

Jemadari alimwona mkewe. Aliona mkoba, aliona mfuko wa plastiki wenye kikombe chake cha ofisini na kandambili. Akaziba kipaza sauti kwa kiganja.

"Subiri kidogo, mama," alinong'ona. Akaachia kiganja, akasema kwa sauti ya jeshini, "Ndiyo, ndiyo, wapiganaji. Haki imetendeka. Asanteni. Hapana, msinishukuru mimi, tumeshinda wote."

Mama Pacha alisimama pale pale mlangoni, akamsikiliza akipongezwa mpaka mwisho.

Mama mkwe alitoka chumbani akifunga kanga vizuri. "Mbona mapema leo?"

"Nimefukuzwa, mama."

"Umefukuzwa na nani?"

"Muulize mwanao. Ndiye anayepewa hongera."

Bibi huyo hakujua seva wala logi. Hata televisheni aliwashiwa na wajukuu. Lakini nyuso alizijua, na uso wa mwanawe wakati ule ulikuwa uso wa mtoto aliyekutwa na sukari mdomoni.

"Umefanya nini?" aliuliza.

"Mama, hujui hii mitandao. Mimi sikumtaja jina. Nilisema tu aliyefuta. Na yeye anasema hakufuta. Sasa kwa nini imguse?"

Jibu hilo aliliona zuri. Alilirudia tena, akageuza mikono juu, akingoja mtu alikubali.

"Toka kwenye hicho kiti," mama yake alisema. "Mkeo akae."

Jemadari alitoka. Mama Pacha alikaa, kwa kuwa miguu ilikuwa imechoka, si kwa kuwa alishinda kitu. Mama mkwe alimletea maji, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu ahamie. Aliposhika glasi tupu kuirudisha, alisita mlangoni, akasema kwa aibu, "Zile dawa zangu, zimekaribia kuisha." Basi hata huruma ile ilikuwa na mkia. Mama Pacha hakuikasirikia. Ilikuwa huruma pekee iliyokuwepo nyumbani.

Kesho yake alikata bando. Jemadari alipoona ngome haifunguki alipiga kelele kwamba ananyanyaswa ndani ya nyumba yake. Mkewe akamuuliza kodi ya nyumba yake inalipwa tarehe ngapi. Hakujua tarehe. Akachukua hedifoni, akaenda kwa rafiki yake mwenye intaneti, akawa anashinda huko na kurudi wakati wa kula.

Halafu Tajiri akapiga simu. Ilikuwa wakati wa chakula cha mchana, wote wanne na bibi wamezunguka sinia jikoni. Mama Pacha aliweka simu kwenye spika, mikono yake ikiwa na wali.

"Dada yangu! Habari za siku nyingi! Watoto hawajambo?" Hakuwahi kumwita dada. "Sikiliza, kuna kijitatizo. Nilimweka mpwa wangu hapo kwenye seva, kijana ana cheti kizuri, kina rangi. Sasa logi imejaa tena, na yeye anasema hajawahi kuiona. Njoo siku moja tu. Nitakulipa vizuri."

Jemadari aliacha kutafuna. "Kubali!" alisema kwa midomo, bila sauti. "Kubali!"

"Nitakuja," alisema Mama Pacha. "Uandike tangazo jingine kwanza."

"Tangazo gani tena?"

"Lile la kwanza lilisema ni uzembe wa mfanyakazi mmoja. Andika kwamba aliyefuta ni wewe."

Ikasikika tu pumzi ya mtu anayepiga hesabu ya heshima yake. "Nitakuongezea. Mara mbili."

"Sentensi moja tu, Tajiri. Haili diski."

Tajiri akakata simu. Jemadari alipiga goti lake kwa ngumi. "Sentensi moja! Kwa sentensi moja unawanyima watu wote wale? Unajua wanavyoteseka? Una roho gani?"

"Ni sentensi moja iliyonifukuza. Wewe uliisoma kwa sauti, mimi nimeshika yai lako."

Pacha wa kwanza akauliza yai gani. Bibi akamwambia ale.

Tajiri hakuandika. Mpwa mwenye cheti cha rangi alifanya alichosimuliwa kwamba mjomba wake alifanya: alilifuta lile jitu kubwa la logi. Safari hii hata ile diski ndogo haikuwa na kitu: Tajiri alikuwa ameshaifuta ili apate nafasi. Mchezo ukafa, samaki na kochi vikauzwa, na wapiganaji wote waliolia haki wakatawanyika kwenye michezo mingine kabla ya mwezi kwisha. Jemadari naye aliupata mmoja, kwa rafiki yake. Alianzia chini kabisa, kuruta, na jina alilojiandikisha lilikuwa Amiri Jeshi.

Mama Pacha alizunguka na vyeti vyake. Sehemu mbili walikuwa wameshamsikia, wakamwambia nafasi imejaa. Ya tatu ilikuwa kampuni ya kusambaza dawa mahospitalini, na waliomhoji walikuwa watatu, mwanamke wa makamo katikati.

"Kwa nini uliacha kazi ya mwanzo?"

Alikuwa ameandaa jibu la adabu, la kutafuta changamoto mpya. Akaliacha. "Nilifukuzwa. Wateja waliandika malalamiko. Wa kwanza kuweka jina alikuwa mume wangu."

Wanaume wawili wakaangua kicheko. Mmoja alivua miwani akafuta machozi. Mama Pacha alikaa amenyooka, mikono juu ya mkoba, akawangoja wamalize. Mwanamke wa katikati alikuwa amecheka kidogo tu, akaacha mapema.

"Huo si mzaha," alisema.

"Si mzaha."

"Bado yuko nyumbani?"

"Yuko. Sasa hivi mama yake anamsukuma atafute kazi."

"Ana uzoefu wa nini?"

Mama Pacha alifikiri kwa haki, kama mke. "Wa ujemadari," alisema. "Labda kama mna jeshi."

Jeshi hawakuwa nalo. Walikuwa na seva iliyokuwa inajaa, na Jumatatu akaanza kuitunza.